Safari ya Mbali na Mtoto Mdogo: Kutoka Obunga Hadi Nchi ya Joto Bila Kupoteza Pesa

Mara nyingi hapa tunaongea juu ya nambari ya siri, ada za kutuma na namna ya kuweka akiba. Leo tunaunganisha hayo yote katika safari moja: mama anatoka Kisumu na mtoto wa karibu miaka 2, anaenda Dubai kumtembelea baba wa mtoto anayefanya kazi huko. Wateja wetu wengi wana mume, dada au kaka Uarabuni, na maswali ya namna hii tunayapata kila mwaka likizo ikikaribia.

Tutatumia mfano. Tumwite Mama Hawi. Si mtu mmoja, ni mfano tuliouunda ili hesabu zieleweke. Anaishi Obunga na anauza mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, kisha ikakaangwa na kulisha nusu ya mtaa. Pesa yake inaingia kidogo kidogo kila siku, nyingi kwa simu. Mumewe, Baba Hawi, amepata likizo kuanzia Agosti 20 na atalipa tiketi za ndege na viza kutoka huko. Mengine yote ni juu ya mama. Leo ni katikati ya Machi. Aanzie wapi?

Hatua ya 1: Andika bei kabla ya kuanza kuweka

Ukiweka akiba bila kujua unaweka ya nini, ikifika mwezi wa pili utaitoa. Kwa hivyo Mama Hawi anaandika kwanza:

- Paspoti mbili, yake na ya mtoto: 15,000
- Nauli ya Nairobi na mahali pa kulala: 8,000
- Chanjo ya homa ya manjano ya watu wawili: 5,000
- Dawa, nguo nyepesi, pampas: 6,000
- Pesa ya mkononi akiwa safarini: 10,000
- Dharura: 8,000

Jumla ni shilingi 52,000. Paspoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kulingana na ada zilizoanza 2024, lakini zithibitishe kwenye eCitizen siku unayolipa. Hizo nyingine ni makadirio ya mfano wetu, kwa hivyo piga hesabu zako ukiuliza bei mwenyewe.

Sasa tugawanye. Akiweka 400 kila siku, siku 6 kwa wiki, hiyo ni 2,400. Kutoka katikati ya Machi hadi katikati ya Agosti kuna wiki 22. Mara 2,400, ni 52,800. Ile 800 inayobaki inafunika ada za kutuma na kutoa. Hesabu imefunga.

Shida iko moja: pesa iliyo kwenye simu iko karibu na mkono. Siku unga umeisha, utaitumia. Ndiyo maana tunasema ihamishe jioni ileile kwenye akiba ya kufungwa yenye tarehe ya kufunguka. Ila usifunge yote mpaka Agosti, maana paspoti inalipwa mapema. Mama Hawi atafanya hivi: wiki 7 za kwanza hafungi. 2,400 mara 7 ni 16,800, yaani paspoti zimetoka na kidogo kimebaki. Kuanzia wiki ya 8 ndipo anafunga, na kuifungua mapema Julai, kwa sababu chanjo na vitu vya mtoto havingoji Agosti.

Na chama je? Chama ni kizuri, lakini zamu yako ikisogezwa wiki mbili, ndege haitasogea. Tumia chama kwa mambo mengine, pesa ya safari iwe peke yake.

Hatua ya 2: Paspoti, na nambari moja tu ya kulipia

Mtoto hasafiri kwa paspoti ya mama. Anahitaji yake, hata kama bado ananyonya. Maombi yanajazwa kwenye eCitizen, kisha unapeleka stakabadhi na mtoto mwenyewe ofisi ya Uhamiaji. Kisumu kuna ofisi, huna haja ya kupanda basi kwenda Nyayo House.

Kwa mtoto utaombwa cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na ridhaa yao. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mzazi mmoja yuko mbali. Baba Hawi aandike barua ya ridhaa mapema na kutuma nakala ya paspoti yake. Ukiwa bado huna cheti cha kuzaliwa, anza na hicho leo, si kesho. Angalia pia jina: likiandikwa kwa herufi tofauti kwenye cheti, kwenye kadi ya kliniki na kwenye tiketi, utarekebisha ukilia.

Sasa malipo. Tangu 2023 malipo ya huduma za serikali kwenye eCitizen yanapita nambari moja ya biashara: 222222. Nambari ya akaunti inatoka kwenye maombi yako mwenyewe. Kabla ya kuweka nambari ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Mtu wa saiba akikujazia fomu, mlipe kazi yake kando, lakini ada ya serikali ilipe kwa simu yako. Akisema, "Nitumie yote kwangu, nitakulipia," mwambie asante, nitalipa mwenyewe. Ukilipa kwa simu yako, ushahidi unabaki kwako.

Hatua ya 3: "Ajenti" wa viza

Hapa ndipo pesa ya miezi mitano hupotea kwa dakika moja, kwa hivyo soma polepole.

Mkenya anahitaji viza ya Falme za Kiarabu kabla ya kusafiri. Kwa familia kama ya Mama Hawi, anayeiomba ni mwenyeji aliye kule au shirika la ndege au wakala wa safari mwenye ofisi. Baba Hawi analipa kule kwa dirham. Mama hana sababu ya kutuma pesa ya viza kwa mtu yeyote Kisumu.

Lakini habari husambaa mtaani. Wiki mbili baadaye anapigiwa simu: "Mama, viza ya mtoto imekwama. Tuma 18,000 kwa hii nambari saa hii, ofisi inafunga saa kumi." Sauti ni ya heshima, jina la mtoto wanalijua. Moyo unaruka.

Jiulize maswali matatu:

1. Pesa inaenda kwa nambari ya mtu binafsi? Ofisi haikusanyi ada kwa simu ya mtu.
2. Unaharakishwa? Tapeli hapendi uwe na dakika kumi za kufikiri.
3. Aliyeomba viza anasema nini? Mpigie Baba Hawi kwa nambari unayoijua, si ile uliyotumiwa.

Ukiwa umeshatuma, usione haya kutuambia. Piga huduma kwa wateja mara hiyo, ukiwa na ujumbe wa uthibitisho. Pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea, tunaweza kuizuia wakati malalamiko yanachunguzwa. Ikishatolewa kwa wakala, hatuna mahali pa kuishika, na inabaki kazi ya polisi. Kwa hivyo dakika zina maana. Kisha nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB.

Hatua ya 4: Tarehe ya kuzaliwa ina bei yake

Hawi anatimiza miaka 2 tarehe 28 Agosti. Wanasafiri 20 Agosti na kurudi 17 Septemba. Umeona shida?

Kwenye ndege, mtoto aliye chini ya miaka 2 hukaa mapajani, na kwa kawaida nauli yake ni sehemu ndogo tu ya nauli ya mtu mzima. Akifika miaka 2 lazima awe na kiti chake na tiketi yake. Kinachohesabiwa ni umri wa siku ya kila ndege. Wakati wa kwenda, Hawi ni mtoto wa mapajani. Wakati wa kurudi, ni abiria kamili. Asiyejua hili hushtukia uwanja wa ndege akiwa na mtoto, mizigo, na pesa imeisha. Mwambie anayekata tiketi tarehe kamili ya kuzaliwa, na uulize bei ya kwenda na ya kurudi kando kando. Wakati mwingine kusogeza safari wiki mbili nyuma kunaokoa pesa nyingi kuliko punguzo lolote.

Hatua ya 5: Kliniki kabla ya sanduku

Sisi kazi yetu ni pesa, si madaktari. Lakini kuna mambo yanayojulikana ambayo yakikosekana, pesa yote ya safari inaishia hospitalini au mnarudishwa mlangoni.

*Homa ya manjano.* Falme za Kiarabu, kama Oman, huomba cheti cha chanjo hii kwa wasafiri wa miezi 9 na zaidi wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo. Kwetu Kisumu chanjo hii haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto, inatolewa hivyo katika kaunti chache tu za Bonde la Ufa. Kwa hivyo kadi ya kliniki ikiwa imejaa, usidhani imo. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Safari ikiwa 20 Agosti, mwisho wa kuchanjwa ni tarehe 10, na usingoje huo mwisho. Habari njema: tangu 2016 cheti ni cha maisha, hulipi tena.

*Surua.* Mtoto hupata surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kama ile ya pili ilipita, mwambie nesi kwamba mnataka pia ya homa ya manjano. Chanjo hizi mbili hutolewa siku moja au zikaachana wiki nne. Ukifika kliniki wiki moja kabla ya safari, hesabu hiyo inaweza kukukatalia. Uliza vilevile kuhusu dozi ya mwisho ya chanjo ya malaria.

*Malaria.* Hili tafadhali lishike. Sisi wa kandokando ya Ziwa tunaishi na malaria. Mtoto anaweza kuumwa na mbu Obunga leo na homa ikamshika Dubai wiki mbili baadaye. Daktari wa kule hana mazoea ya kuiona, anaweza kudhani ni mafua. Mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya wiki za kwanza, sema wazi: "Tumetoka sehemu yenye malaria Kenya, mpimeni damu." Mlaze kwenye neti mpaka usiku wa mwisho nyumbani.

*Dawa.* Beba za mtoto kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari. Usibebe za kuombwa na jirani. Dawa zenye kodeini, kwa mfano, zinadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu, na syrup ya kikohozi iliyouzwa hapa bila maswali inaweza kukuletea kesi kule.

Hatua ya 6: Joto la kule si la Kisumu

Mtu wa Kisumu hujiambia, "Joto? Sisi tumezaliwa nalo." Polepole. Mchana wa Kisumu ni kama digrii 30, na jioni upepo wa Ziwa unakuja. Dubai mwezi wa Agosti hupita 40, na usiku haipoi kama kwetu. Kule kuna sheria: kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, kazi za nje juani zinakatazwa kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana. Kama mwanaume mzima wa mjengo anatolewa juani kwa sheria, mtoto wa miaka 2 anatafuta nini huko?

Kwa hivyo:

- Mtoke nje kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya jua kuzama.
- Mpe maji kidogo kidogo kila mara, usingoje aombe. Anayenyonya, mnyonyeshe zaidi.
- Nguo nyepesi za pamba zenye mikono, na kofia. Beba sweta moja pia, maana ndani ya maduka makubwa na mabasi kuna baridi ya mashine.
- Usimwache kwenye gari hata dakika moja, hata dirisha likiwa wazi.
- Beba pakiti za ORS. Soma maelezo: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Ukikosea maji, dawa inakuwa kali au nyepesi mno. Ni za kuharisha na kutapika, si kinywaji cha kila siku.
- Ukiona midomo mikavu, macho yameingia ndani, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa sita, usijaribu kumtibu mwenyewe. Nenda hospitali.

Muulize Baba Hawi mapema hospitali ya karibu ni ipi na bima ya safari inalipa nini. Ile 8,000 ya dharura inasaidia kuanzia, haitoshi kulaza mtoto ugenini.

Hatua ya 7: Njiani

Kutoka Kisumu hadi Nairobi kwa basi ni kama saa saba au nane, kwa ndege chini ya saa moja. Ukienda kwa basi, usipange kufika Nairobi jioni ya ndege. Barabara ikifungwa au basi likiharibika, tiketi imeenda. Fika siku moja kabla, ulale. Ndiyo sababu tuliweka malazi kwenye bajeti.

Uwanjani fika saa tatu kabla ya ndege. Sheria ya vinywaji vya mililita 100 hailengi maziwa na chakula cha mtoto, unaruhusiwa kubeba cha kutosha safari, ila kitakaguliwa. Ndege ikipaa na ikishuka, mnyonyeshe au mpe kikombe ili masikio yasimwume. Nairobi hadi Dubai ni kama saa tano. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hivyo usingizi wa mtoto hautavurugika sana. Kwenye mkoba wa mkononi weka paspoti, vyeti, barua ya ridhaa ya baba, pampas, nguo za kubadilisha na dawa. Sanduku linaweza kuchelewa, mtoto hawezi.

Hatua ya 8: Laini yako ugenini

- Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Kenya, na uzime data. Intaneti tumia ya nyumba ya Baba Hawi.
- Usimwachie mtu laini wala nambari ya siri "anisaidie kulipa kodi." Mwekee pesa hiyo kwake kabla hujaondoka. Akihitaji zaidi, umtumie.
- Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni dirham 3.6725. Ukijua bei ya dola Kenya, gawanya kwa 3.67 upate bei ya dirham moja. Dola ikiwa 129, dirham ni karibu 35. Anayekuuzia kwa 40 anakula pesa yako. Badilisha kidogo tu ya siku ya kwanza, kwenye duka la fedha lenye leseni.
- Kubalianeni swali la siri la familia. Ukiwa angani huna simu, na huo ndio wakati tapeli hupigia nyanya: "Mama Hawi ameshikwa uwanjani na mtoto, tuma pesa." Nyanya aulize, kwa mfano, "Kuku wetu mwekundu aliliwa siku gani?" Asiyejua, akate simu.

Jipime

1. Umechanjwa homa ya manjano Agosti 14, ndege ni Agosti 20. Cheti kinafaa? *Hapana. Siku 10 hazijafika.*
2. Mtu anakuomba ada ya paspoti kwa nambari yake ya simu. Utafanya nini? *Utakataa. Utalipa mwenyewe kwa 222222 na nambari ya akaunti kutoka eCitizen.*
3. Mtoto anatimiza miaka 2 mkiwa kule. Tiketi ya kurudi ni ya mapajani? *Hapana. Anahitaji kiti.*
4. Mtoto ana homa siku ya tisa Dubai. Neno gani usisahau kumwambia daktari? *Malaria.*

Ukijibu yote manne, uko tayari kuliko wengi. Anza na kalamu na karatasi leo jioni, ukishafunga biashara: andika bei, gawanya kwa wiki ulizo nazo, uhamishe ya kwanza. Hata kama ni 400. Mtoto atamwona baba yake, na pesa uliyoitolea jasho kwenye karai la mafuta itafanya kazi uliyoitumia, si ya mtu mwingine.

Safari njema.